Humphry Davy

Sir Humphry Davy (Penzance, Cornwall, 17 Desemba 1778 – Geneva, Uswisi, 29 Mei 1829) alikuwa mwanakemia wa Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kutumia umeme kutenganisha elementi ambazo hazikuwahi kuonekana zikiwa peke yake, zikiwemo kali, natiri, kalsi na magnesi, na kwa kubuni taa ya usalama ya wachimbaji wa makaa ya mawe.

Kazi yake isiyojulikana sana ni uchunguzi wa ulikaji wa metali katika maji ya bahari, alioufanya kuanzia mwaka 1823. Alionyesha kwamba metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji ya chumvi, moja huliwa na nyingine husalimika, na kwamba jambo hilo linaweza kutumika makusudi kuikinga metali yenye thamani. Jaribio lake kubwa kwenye meli za kivita lilimletea aibu wakati wa uhai wake, lakini kanuni aliyoieleza inatumika hadi leo kwenye meli, mabomba, mabati na mitambo ya umeme wa jua.

Utoto na ujana

Davy alizaliwa katika mji wa Penzance, kusini magharibi kabisa mwa Uingereza, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yake, Robert Davy, alikuwa mchonga mbao. Alifariki mwaka 1794 na kuiachia familia madeni. Mwaka uliofuata Humphry alipelekwa kujifunza kazi kwa daktari mpasuaji wa mji huo, John Bingham Borlase. Hakupata elimu ya chuo kikuu. Alijisomea mwenyewe, na alipofikia umri wa miaka 18 hivi alianza kusoma kemia kwa kutumia kitabu cha Mfaransa Antoine Lavoisier.

Cornwall wakati huo ilikuwa nchi ya migodi ya shaba na stani, ya mitambo ya mvuke na ya bandari ndogo. Katika bandari ya Hayle, si mbali na Penzance, kijana Davy alionyeshwa malango ya kuzuia maji yaliyokuwa yakioza haraka. Yalikuwa na sehemu za shaba na sehemu za chuma zilizogusana ndani ya maji ya bahari. Sababu yake haikufahamika bado. Ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla ya Davy kulirudia swali hilo akiwa mwanasayansi maarufu kuliko wote nchini mwake.

Bristol na London

Mwaka 1798 Davy alihamia Bristol kufanya kazi katika taasisi ya daktari Thomas Beddoes, iliyochunguza kama magonjwa yanaweza kutibiwa kwa kuvuta gesi. Huko alijaribu gesi mbalimbali juu ya mwili wake mwenyewe, mara nyingine kwa hatari kubwa. Alichunguza hasa oksidi ya nitrojeni inayoitwa gesi ya kuchekesha. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1800 alitaja kwamba gesi hiyo huondoa maumivu na kwamba huenda ikafaa wakati wa upasuaji. Madaktari hawakulifuatilia wazo hilo hadi miaka ya 1840.

Mwaka 1801 aliitwa London kwenye Royal Institution, taasisi iliyokuwa imeanzishwa muda mfupi kabla ili kueneza sayansi kwa umma. Mihadhara yake ilivuta watu wengi, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1803 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Betri na elementi mpya

Mnamo mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alitangaza kifaa kilichotoa umeme mfululizo. Kilikuwa rundo la vipande vya metali mbili tofauti, kwa mfano zinki na shaba au fedha, vilivyotenganishwa na kitambaa au karatasi iliyolowa maji ya chumvi. Volta alikijenga akibishana na mwenzake Luigi Galvani wa Bologna. Galvani alikuwa ameona miguu ya chura aliyekufa ikishtuka inapoguswa na metali mbili, akadhani umeme unatoka katika mnyama. Volta alishika kwamba chanzo ni mgusano wa metali. Jina la Galvani lilibaki, na mambo yote ya metali mbili na unyevu yanaitwa hadi leo ya kigalvani.

Davy aliona kitu ambacho Volta hakukipa uzito. Betri haikufanya kazi bila badiliko la kikemia: zinki ilikuwa inaliwa. Kwa hiyo umeme na kemia havikuwa mambo mawili yasiyohusiana. Kama badiliko la kikemia linaweza kutoa umeme, basi umeme nao ungeweza kuleta badiliko la kikemia. Alieleza fikra hizo katika mhadhara wa mwaka 1806, na mwaka 1807 taasisi ya wanasayansi wa Ufaransa ilimpa tuzo iliyoanzishwa na Napoleon, ingawa nchi hizo mbili zilikuwa vitani.

Mnamo Oktoba 1807 alipitisha umeme wa betri katika magadi ya kali yaliyoyeyushwa, akapata matone ya metali laini yaliyowaka yalipogusana na maji. Hiyo ilikuwa kali, inayoitwa pia potasiamu. Siku chache baadaye alipata natiri, yaani sodiamu. Mwaka 1808 alifuata na kalsi, bari, stronti na magnesi. Mwaka 1810 alionyesha kwamba klorini ni elementi, si kampaundi yenye oksijeni kama ilivyoaminiwa, akaipa jina lake.

Ndoa, Faraday na safari za Ulaya

Mwezi Aprili 1812 Davy alipewa cheo cha Sir, na siku chache baadaye akamwoa Jane Apreece, mjane tajiri. Hawakujaliwa watoto. Mwaka huohuo aliumia macho katika mlipuko wa maabara, na kwa muda alimhitaji mtu wa kumwandikia. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa fundi kijana wa kujalidi vitabu, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi. Mwaka 1813 Faraday akawa msaidizi katika Royal Institution. Baadaye alimpita mwalimu wake kwa umaarufu, na uhusiano wao ukaingia baridi. Mwaka 1824 Davy alipinga Faraday asiingizwe katika Royal Society, lakini Faraday alichaguliwa.

Kuanzia Oktoba 1813 hadi 1815 Davy na mkewe, pamoja na Faraday, walisafiri Ufaransa na Italia. Akiwa Paris alichunguza dutu mpya iliyotoka katika majivu ya mwani, akaitambua kuwa elementi inayofanana na klorini, yaani iodini. Huko Milano alikutana na Volta, aliyekuwa mzee wakati huo.

Taa ya wachimbaji

Tarehe 25 Mei 1812 gesi ililipuka katika mgodi wa makaa wa Felling, karibu na Newcastle, ikaua wanaume na wavulana 92. Wachimbaji walitumia mishumaa na taa zenye moto wazi ndani ya migodi yenye gesi inayowaka. Mwaka 1815 Davy aliombwa kutafuta njia ya kuzuia ajali kama hizo. Aligundua kwamba moto hauwezi kupita katika wavu wa waya wenye matundu madogo, kwa sababu waya hunyonya joto lake. Taa iliyozungushiwa wavu huo iliweza kuwaka ndani ya gesi bila kuiwasha gesi iliyo nje.

Davy alikataa kujipatia hakimiliki ya taa hiyo. Hata hivyo kulizuka ubishi mkali, kwa kuwa fundi wa migodi George Stephenson alikuwa ametengeneza taa yake wakati huohuo. Taa yenyewe haikumaliza vifo. Baadhi ya wenye migodi waliitumia kuwapeleka watu katika sehemu zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya hatari.

Shaba ya meli

Tatizo kabla ya Davy

Meli za mbao zinazokaa baharini hushambuliwa na viumbe wanaotoboa mbao, na mwani pamoja na wanyama wenye magamba huotea chini yake na kuifanya izembee. Katika pwani ya Afrika Mashariki mabaharia wa majahazi walikabili tatizo hilo kwa kukipandisha chombo ufukweni mara kwa mara, kukisugua na kukipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Jeshi la majini la Uingereza lilichagua njia nyingine. Mwaka 1761 manowari HMS Alarm ilifunikwa kwa mabamba membamba ya shaba sehemu yote iliyo chini ya maji.

Shaba iliwazuia viumbe wa bahari vizuri sana. Lakini Alarm iliporudi kutoka visiwa vya Karibi na kukaguliwa, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikutwa imelika vibaya. Mahali ambapo karatasi ya kufungia mabamba ilibaki katikati ya shaba na chuma, msumari ulikuwa mzima. Wakaguzi waliona kwamba metali hizo mbili hazipaswi kugusana, ingawa hawakuweza kueleza sababu. Katika miaka ya 1780 jeshi la majini liliacha bolti za chuma chini ya maji na kutumia bolti za shaba iliyochanganywa.

Hapo misumari ilisalimika, lakini shaba yenyewe iliendelea kuliwa na bahari kidogo kidogo. Kwa dola yenye mamia ya meli hiyo ilikuwa gharama kubwa. Meli hizo zilikaa miaka mbali na karakana zao, katika bahari za joto. Mwaka 1824, wakati Davy akifanya majaribio yake, meli za nahodha William Owen zilikuwa zikipima ramani ya pwani ya Afrika Mashariki, na Owen akapandisha bendera ya Uingereza Mombasa.

Majaribio

Mwaka 1823 wakuu wa jeshi la majini waliiomba Royal Society ushauri. Davy, aliyekuwa rais wa chama hicho tangu 1820, alilichukua suala hilo mwenyewe. Wengi walidhani kwamba shaba inayoharibika haraka ni shaba chafu. Davy alipinga wazo hilo. Alifikiri kwamba shaba huliwa na maji ya bahari kwa sababu ya hali yake ya kiumeme, na kwamba kuibadilisha hali hiyo kidogo tu kungetosha kuizuia isiliwe. Njia rahisi ya kuibadilisha ilikuwa kuigusisha na metali nyingine inayoliwa kwa urahisi zaidi, kama zinki au chuma.

Matokeo katika maabara yalikuwa ya kushangaza. Kipande cha zinki chenye ukubwa wa punje ya njegere, au ncha ya msumari mdogo wa chuma, kilitosha kuikinga shaba yenye eneo la inchi za mraba 40 hadi 50, yaani takriban sentimita za mraba 250 hadi 320. Haikujalisha kama kipande hicho kiliwekwa juu, chini au katikati, mradi kiguse shaba. Davy alisoma taarifa yake ya kwanza mbele ya Royal Society mwezi Januari 1824. Baadaye aliona kwamba chuma cha kusubu kinafaa na ni cha bei nafuu, na kwamba eneo la kinga la sehemu 1 kwa sehemu 40 hadi 150 za shaba lilitosha kuikinga kabisa.

Majaribio yaliendelea bandarini na kisha kwenye meli zinazosafiri. Manowari Samarang iliwekewa vipande vya chuma na kutumwa Nova Scotia. Ilirudi mwanzoni mwa mwaka 1825 shaba yake ikiwa katika hali nzuri. Davy aliamini kwamba ameiokolea nchi yake mali nyingi.

Kushindwa baharini

Meli nyingine zilirudi na habari tofauti. Shaba yao haikuwa imelika, lakini ilikuwa imefunikwa na mwani na magamba, kama mbao tupu. Meli zilikuwa nzito na za polepole. Manahodha walilalamika, magazeti yakamdhihaki Davy hadharani, na jeshi la majini likaamuru kinga hizo ziondolewe.

Sababu inaeleweka vizuri leo. Shaba haikuwazuia viumbe wa bahari kwa ugumu wake bali kwa sumu yake. Inapoliwa, huachia ioni za shaba ndani ya maji, nazo huua chembe changa za mwani na wanyama wanaojaribu kung'ang'ania. Kwa kuizuia shaba isiliwe hata kidogo, Davy aliiondolea sumu hiyo. Kuharibika kwake polepole ndiko kulikokuwa kazi yake. Davy alijaribu kupunguza ukubwa wa vipande vya kinga ili shaba iliwe kiasi tu, lakini imani ya jeshi la majini ilikuwa imekwisha.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1826 Davy alitoa mhadhara mwingine mkubwa juu ya uhusiano wa umeme na kemia, na mwishoni mwa mwaka huo akapatwa na kiharusi. Alijiuzulu urais wa Royal Society mwaka 1827. Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi barani Ulaya, akivua samaki, akiwinda na kuandika. Kitabu chake juu ya uvuvi wa samaki aina ya samoni kilitoka mwaka 1828, na kitabu cha tafakuri za safari kilitoka baada ya kifo chake. Alifariki Geneva tarehe 29 Mei 1829 akiwa na umri wa miaka 50, akazikwa hukohuko.

Jinsi ulikaji wa kigalvani unavyotokea

Ili ulikaji wa kigalvani utokee, mambo matatu yanahitajika pamoja: metali mbili tofauti, mgusano wa moja kwa moja au kwa waya kati yake, na kioevu kinachopitisha umeme, kama maji ya bahari au umande wenye chumvi. Metali inayoachia elektroni kwa urahisi zaidi huwa anodi. Atomi zake huingia katika maji zikiwa ioni, na elektroni zake husafiri kupitia mgusano hadi metali ya pili, yaani kathodi. Anodi huliwa, kathodi husalimika. Ndicho kinachotokea ndani ya betri. Tofauti ni kwamba katika betri umeme huo unatumiwa, na katika bolti unapotea bure pamoja na metali.

Katika maji ya bahari, metali za kawaida hupangwa hivi, kuanzia inayoliwa kwa urahisi zaidi: magnesi, zinki, alumini, chuma na chuma cha pua cha kawaida, risasi, shaba, na mwishoni chuma cha pua kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Kadiri metali mbili zinavyokaa mbali katika mpangilio huo, ndivyo hatari inavyoongezeka.

Ukubwa wa eneo nao ni muhimu. Anodi ndogo inayogusana na kathodi kubwa huliwa haraka, kwa sababu ulikaji wote unakusanyika mahali padogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa misumari ya Alarm katikati ya shaba nyingi. Anodi kubwa yenye kathodi ndogo huharibika polepole, kwa kuwa ulikaji umetawanyika.

Urithi wa kazi yake

Kilichoshindikana kwa shaba kilifaulu kwa chuma. Meli zilipoanza kujengwa kwa chuma, hakukuwa tena na sumu ya kupoteza, na vipande vya zinki vilifungwa chini ya meli ili viliwe badala yake. Vipande hivyo huitwa anodi za kafara, na hubadilishwa vinapokwisha. Njia hiyohiyo hukinga mabomba ya mafuta yaliyofukiwa ardhini, matangi na nguzo za magati.

Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alijipatia hakimiliki ya kufunika chuma kwa zinki. Ndiyo asili ya mabati yanayoezekwa kote Afrika Mashariki. Zinki huzuia maji yasifikie chuma, na hata inapokwaruzwa huendelea kuliwa kwanza na kukiacha chuma kilicho karibu kikiwa kizima. Zinki ikiisha, kutu nyekundu huanza.

Umeme wa jua katika mji wa pwani

Kanuni hii imepata umuhimu mpya kutokana na kuenea kwa paneli za sola juu ya mapaa. Mfano mzuri ni Kivukoni, kata ya katikati ya Dar es Salaam iliyo kwenye mlango wa bandari, mahali watu wanapopanda pantoni kwenda Kigamboni. Upepo wa Bahari ya Hindi huleta chumvi juu ya mapaa, na unyevu wa usiku huifanya iwe utando wa maji ya chumvi. Masharti ya Davy yanatimia bila chombo chochote kuingia baharini.

Mtambo wa sola hukusanya metali nyingi mahali pamoja. Fremu ya paneli kwa kawaida ni ya alumini, reli ya kuifungia ni ya alumini au chuma kilichopakwa zinki, bolti ni za stenlesi au za chuma chenye zinki, paa ni la bati, na waya wa ethi ni wa shaba. Katika maduka ya Kariakoo, mwendo mfupi kutoka Kivukoni, fundi anaweza kununua kila kimoja duka tofauti, kwa hiyo metali hizo hukutana kwa mara ya kwanza juu ya paa.

Bolti ya stenlesi kwenye fremu ya alumini ni kathodi ndogo katika anodi kubwa, kwa hiyo hukubalika sana, ingawa karibu na bahari alumini iliyozunguka bolti inaweza kuota unga mweupe. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ribiti ya alumini au skrubu yenye zinki iliyofungwa katika kipande kikubwa cha stenlesi au shaba huisha mapema.

Hatari kubwa zaidi ni shaba kugusa alumini au bati. Waya wa ethi wa shaba ukifungwa moja kwa moja kwenye fremu, alumini iliyo chini ya waya huliwa, na mahali pake hujaa unga usiopitisha umeme. Kwa nje bolti inaweza kuonekana imekaza, lakini njia ya umeme kwenda ardhini imekatika. Waya ukivuja, fremu inaweza kubaki na umeme, na anayepanda kuosha paneli akapigwa shoti. Hata maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye shaba hadi kwenye bati hubeba ioni za shaba zinazoharibu zinki.

Tahadhari zinazotumika zinafuata yale yaliyoonekana tangu enzi za Alarm na Davy:

- kuchagua metali zilizo karibu katika mpangilio, au kutumia metali ileile;
- kutenganisha metali zisizopatana kwa washa za raba au plastiki mahali ambapo umeme hauhitajiki kupita, kama karatasi ilivyotenganisha shaba na chuma;
- kutumia viungo vya shaba iliyopakwa stani, au vibano vilivyotengenezwa kwa ajili ya alumini na shaba, mahali ambapo umeme lazima upite, kama kwenye ethi;
- kuweka shaba chini ya alumini na bati, ili maji yake yasidondokee juu yake;
- kuhakikisha kwamba bolti, skrubu na ribiti hazitengenezwi kwa metali dhaifu kuliko kile zinachokifunga;
- kukagua viungo mara kwa mara na kupima ethi kwa mita, bila kutegemea macho peke yake.

Kuondoa washa zote kwa nia ya kupitisha ethi, au kuweka raba kila mahali kwa nia ya kuzuia ulikaji, ni makosa yote mawili. Raba iliyowekwa kwenye kiungo cha ethi hukata kinga ya mtu ili kuokoa kinga ya metali.

Tathmini

Davy alikumbukwa kwanza kwa elementi zake na taa yake, na jaribio la meli lilitajwa mara nyingi kama kosa la mwanasayansi aliyejiamini kupita kiasi. Hata hivyo maelezo yake juu ya metali hayakuwa na kosa. Shaba ilikingwa kama alivyosema. Alichokikosa ni kuuliza shaba ilikuwa ikifanya kazi gani nyingine wakati inapoliwa. Wahandisi wa leo wanaoshughulika na ulikaji wa metali hufuata njia aliyoifungua, na humkumbuka pia kwa somo la pili: kinga ya sehemu moja ya mtambo ipimwe kwa athari zake kwa mtambo mzima.